Macho Juu, Miguu Chini: Masharti ya Kumtazama Mwewe na Kozi Mjini

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, simu yangu haipumziki. Kijana wa Kijitonyama ananitumia picha ya kidoa cheusi juu ya mnara wa simu: "Shikamoo mwalimu. Huyu ni kipanga?" Mama mmoja wa Tandika anataka niende na manati, si na darubini, maana vifaranga wake wamebaki wanne. Mwingine wa Mbagala kapanda juu ya tangi la maji la jirani ili apige picha kiota, na anajisifu kabisa. Huyu wa mwisho ndiye aliyenikalisha kitako niandike. Nimefundisha sekondari miaka mingi, nikajifunza kwamba mtu mzima hana tofauti na kidato cha pili: usipomwandikia ubaoni atasema hakuambiwa. Basi nawaandikia.

JUA UNAMTAZAMA NANI. Yule anayezunguka juu ya mabati ya Temeke tangu asubuhi, mkia wake umegawanyika mwishoni na anaupinda huku na huku kama usukani wa bajaji, mdomo wake wa njano, ni mwewe. Mwewe ni mwenzetu wa mtaani. Anakula panya, mizoga, utumbo wa samaki, kifaranga chako na mshikaki wako. Hachagui.

Kozi ni habari nyingine. Kwa umbo hampiti kunguru kwa mbali, ila mabawa yake ni marefu yaliyochongoka, mkia mfupi, kifua cheupe chenye michirizi, na chini ya kila jicho ana sharubu nyeusi kama askari wa zamani pichani. Hazunguki kutafuta makombo. Anakaa juu, kimya, hata saa nzima, halafu anajitupa juu ya njiwa aliye hewani. Akijitupa hivyo anaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Treni yetu ya SGR mwendo wake wa juu ni 160. Asili yake ni majabali. Hajengi kiota cha vijiti, anakwangua kishimo kwenye changarawe na kutaga humo mayai matatu au manne. Ndiyo maana huko New York, London na Cape Town alipoyakuta maghorofa aliyaona ni majabali tu yenye madirisha, akahamia.

Kwetu Dar mambo yako hivi. Anayetaga mtaani ni mwewe, na anataga juu ya miti: mvinje, mwembe, mkaratusi. Kozi mnaowaona kwenye minara kati ya Oktoba na Aprili wengi wao ni wageni waliotoka Siberia wakikimbia baridi. Wapo kozi wenyeji wa Afrika, wadogo kidogo na weusi zaidi, lakini hao makao yao ni majabali ya bara. Kwa hiyo ukiniambia umeona kozi anaatamia juu ya mwembe wa Mbagala Kizuiani, nitakuomba urudi ukatazame mkia.

Na hilo neno kipanga liwekeni kando. Dar kipanga ni mwanafunzi anayeongoza darasa, Zanzibar ni timu ya mpira, na kwingineko ni kila ndege mwenye kucha kali. Neno linalobeba vyote halimtambulishi yeyote.

FUATA UPEPO, na ufuate kunguru. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Oman na Ghuba, na msimu huohuo ndio wa wageni wetu wenye mabawa. Yuko kozi mwingine, wa kijivu mtupu, anayetaga kwenye visiwa vya Oman, vingine jirani kabisa na Maskati, kisha huenda kumalizia mwaka Madagaska. Mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti kule Abu Dhabi mwaka 2008 alifuatiliwa kwa zaidi ya kilomita 6,000, akapita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji, safari yenyewe akiifanya usiku. Wenye ndugu Maskati mnaijua njia hiyo kwa tiketi. Mwenzenu haulizwi hata kitambulisho.

Kunguru nao ni king'ora cha bure. Ukisikia wamechachamaa ghafla, kumi au ishirini, wanalia kwa hasira na kushambulia sehemu moja ya mti au ncha ya mnara, acha unachofanya utazame hapo. Mara nyingi kuna mwewe, kozi au bundi katikati ya vurugu hiyo. Wasiojua hudhani kunguru wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

USIPANDE. Hili nalisema kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Usipande mti, usipande mnara, usipande tangi, usipande paa.

Nitawaeleza kwa nini, na siwaelezi ya mtu mwingine. Mwaka niliohamia Temeke, nikiwa kijana bado na magoti mazima, mwewe walitengeneza kiota kwenye mvinje nyuma ya nyumba niliyopanga. Nikataka kuhesabu mayai. Nilipanda saa nne asubuhi, jua limeshakolea. Mama akaruka, akaanza kuzunguka akilia ule mlio wake mwembamba unaotetemeka kama filimbi ya mtoto. Mzunguko wa tatu akanipiga kisogoni. Mpaka leo kinyozi wangu hupitisha kidole kwenye kovu na kuuliza. Nikafika. Mayai mawili, meupe yenye madoa ya kahawia, yamelala juu ya kipande cha kanga kuukuu, pamba ya godoro na mfuko wa rambo, maana enzi hizo mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku. Nikakaa kule juu kama dakika kumi, kwa kuwa kushuka nako niliogopa.

Niliposhuka mama hakurudi. Alitua kwenye nguzo ya umeme akawa ananitazama mimi. Waliokuwa wanakitazama kiota ni kunguru. Walikuja wawili, mmoja akaenda kumchokoza mama pale nguzoni, akimvuta mkia, wa pili akaingia ndani. Kiini cha yai kilimwagika hadi kwenye tawi la chini, kikakauka pale, nikawa nakiona kila asubuhi nikitoka kuoga, mpaka mvua za masika zilipokiosha. Mama mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulikuwa na haja gani?" Sijawahi kupata jibu la kumpa.

Kwa hiyo mkiniona mkali kwenye jambo hili, mvumilie. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mimi naongeza: ukitaka cha juu, sharti uketi.

SOMA MWILI WA NDEGE. Watu huniuliza wakae hatua ngapi kutoka kwenye kiota. Sitoi namba, kwa sababu mwewe aliyezoea kelele za stendi ya Mbagala Rangi Tatu na mwewe wa kichaka cha Mbweni si mmoja. Mwenyewe atakwambia. Akiendelea kujichambua manyoya, uko sawa. Akiacha kujichambua na kukukazia macho, umeshakaribia. Usiongeze hata hatua. Akisimama na kubana manyoya mwilini, rudi nyuma, tena rudi ukitazama pembeni. Akilia, umekosea. Akiruka, umeharibu, na hapo ondoka kabisa. Usisimame kusubiri arudi, maana anayemzuia kurudi ni wewe.

Mama anakaa juu ya mayai zaidi ya mwezi mmoja. Makinda nao wanamaliza wiki sita au zaidi kabla ya kuruka. Katika muda wote huo jua la saa saba mchana wa Dar linatosha kuyapika mayai kama hayana kivuli cha mwili wake.

OMBA RUHUSA. Ukitaka kutazama ukiwa ndani ya uwanja wa mtu, kituo cha kwanza ni mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, si ukuta wa nyuma. Ukitaka kutumia ghorofa, muone msimamizi wa jengo, umweleze saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha msalimie mlinzi kwa heshima yake. Mlinzi wa usiku anayajua mengi kuhusu ndege wa jengo lake kuliko wewe na darubini yako.

Mimi niliwahi kupuuza hili. Ilikuwa Kinondoni, barabarani, mbele ya jengo moja refu ambalo sitalitaja. Nimeinua darubini nafuata kitu kilichotua kwenye antena. Mlinzi akaja.

"Mzee, shikamoo. Unapiga picha nini?"

"Marahaba. Sipigi picha mwanangu, natazama ndege."

"Ndege? Uwanja wa ndege uko Kipawa."

Nilikaa kwenye kibanda chao mpaka saa tisa alasiri, nikisubiri mkubwa wao aje aambiwe kwamba kuna ndege wa aina mbili duniani. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu niliyesimama mbele ya lindo la mtu bila kusema neno.

USIELEKEZE DARUBINI KWENYE MADIRISHA. Ghorofa lina ndege juu, lakini katikati lina watu. Kuna mtu anaanika nguo, kuna mtu amejifunga kanga moja anatafuta upepo kwenye kibaraza. Ukifuata ndege anayeshuka, shusha darubini kabla hajafika usawa wa dirisha. Mkuu wa kaya akikufuata na fimbo usiniite shahidi.

Kambi za jeshi ni hivyohivyo. Lugalo iko Kinondoni na Twalipo iko Temeke, na zote zina miti mirefu ambayo mwewe wanaipenda. Waacheni na miti yao. Kibao kinachokataza kupiga picha hakikuwekwa kwa ajili ya majasusi peke yao.

Droni msirushe kabisa. Achilia mbali kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka zisajiliwe na zipate kibali. Kwa ndege aliye kwenye kiota droni ni adui asiyechoka. Ama ataikimbia akaacha mayai wazi, ama ataivamia akavunjika bawa kwenye panga zake.

USIMLISHE. Nenda Coco Beach Jumapili jioni uone kazi ya waliolisha. Mtoto ameshika mshikaki, mama anahesabu chenji ya mihogo. Kivuli kinapita, mtoto anabaki ameshika hewa na kidole kinachovuja damu. Watu wanacheka, wanamlaani mwewe. Mwewe hakuzaliwa anajua mshikaki. Alitupiwa kipande cha kwanza na mtu aliyetaka picha nzuri ya simu, cha pili akakisubiri, cha tatu akakifuata mkononi.

Kuna methali ya kale ya pwani: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Nimeifundisha darasani nikiieleza kama habari ya kiburi cha mtu. Siku hizi naisoma kama agizo. Akilala na njaa ni shauri lake, wewe beba chakula chako urudi nacho nyumbani.

USIWEKE SUMU. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Kozi huyu wa maghorofa karibu atoweke katika nchi za watu, na aliyekuwa anammaliza si bunduki. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba ya Ulaya na Marekani yalinyunyiziwa DDT. Mdudu akala dawa, ndege mdogo akala wadudu, kozi akala ndege wadogo, na sumu ikazidi kujilimbikiza kila ilipopanda ngazi. Kozi hakufa papo hapo. Alitaga mayai yenye ganda jembamba, akayakalia, yakapasuka chini ya uzito wake mwenyewe. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alionyesha kwa kupima maganda ya zamani na ya wakati ule kwamba yamepungua unene. Kufikia miaka hiyo upande wote wa mashariki wa Marekani haukuwa tena na kozi hata mmoja anayetaga. Marekani iliipiga marufuku DDT mwaka 1972, watu wakafuga kozi na kuwaachia, wengine kutoka juu ya maghorofa, na mwaka 1999 ndipo alipotolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Kibaha ni pua na mdomo na Dar. Pale Vikuge, mwaka 1986, ilishushwa shehena kubwa ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwamo, vingine muda wake ukiwa umekwisha. Vikawekwa kwenye mabanda ya shamba, mabanda yakaanguka, dawa ikaingia ardhini, na watafiti waliopima udongo miaka mingi baadaye waliikuta bado imo.

Na mtaani kwenu? Kila siku inapita baiskeli yenye spika: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Mnanunua, mnachanganya na dagaa, mnaweka nyuma ya choo. Panya akila hafi palepale. Anatoka nje ametepeta, anatembea kilevi mchana kweupe, na panya wa namna hiyo ndiye mwewe anayemwona wa kwanza. Usiku bundi anamaliza waliobaki. Kisha wiki mbili baadaye mnashangaa panya wamerudi wengi kuliko mwanzo, wakati wawindaji wao mmewazika wenyewe. Tumia mtego. Ziba matundu. Funika pipa la taka.

Wengine huweka sumu kwa ajili ya kunguru. Kero ya kunguru naijua: hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka, na walipomaliza kula takataka hawakurudi Bara Hindi. Lakini chambo cha kunguru hakina jina la kunguru. Anakula mwewe, anakula paka, anakula mtoto anayetambaa. Majirani zetu wa Kenya waliona dawa ya wadudu iitwayo Furadan ikigeuzwa chambo cha ndege huko Bunyala na sumu ya simba kwingineko, hadi watengenezaji wake Wamarekani wakaanza kuinunua tena kutoka madukani mwaka 2009. Kazi ya kupunguza kunguru waachieni wataalamu.

MWENYE KUKU, FUNGIA VIFARANGA. Mama wa Tandika, hili ni lako, na nalisema kwa heshima. Kifaranga kikipita wiki sita au saba mwewe humwona mzito. Shida ni hizo wiki za mwanzo tu. Tenga kubwa la kufunika, au wavu kuukuu wa wavuvi uliotandazwa juu ya vijiti vinne, unatosha. Nimeona watu wakipaka vifaranga rangi ya zambarau na wanaapa kwamba mwewe hawagusi. Sijui mwewe anawaza nini akiwaona, lakini rangi haiui mtu, pakeni. Zamani mama zetu walipiga sufuria na kupaza sauti "Mweweee!" na ua mzima ukaitikia. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila siku hizi aliyeachwa kulinda vifaranga ana simu masikioni.

USIMKAMATE, USIMNUNUE, USIMUUZE. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ndege wa porini si mali ya aliyemwona kwanza. Nyara za Serikali si pembe za ndovu peke yake; yai ni nyara, unyoya ni nyara. Kozi huyu wa maghorofa yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya wanyamapori ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, na usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje Serikali iliusimamisha mwaka 2016. Ninajua Ghuba wanampenda. Falme za Kiarabu zinampa hadi pasipoti yake, na Abu Dhabi ana hospitali yake tangu 1999. Mapenzi hayo yasikutie tamaa. Mtu akikujia mtaani akisema anatafuta makinda wa kozi na ana dola, huyo hakutafutii maisha, anakutafutia kesi.

USITANGAZE KIOTA. Ukipiga picha kiota usiiweke kwenye stetasi siku hiyo, usitume pini ya mahali kwenye kundi la watu 200 ambao nusu yao huwajui. Zima kitu kinachoandika mahali kwenye kamera ya simu. Makinda wakisharuka, tangaza upendavyo. Najua inauma. Umeamka alfajiri, umesubiri, umepata picha, halafu mwalimu anakwambia nyamaza miezi miwili. Nyamaza.

BUNDI MWACHE ALIE. Kama bundi huleta msiba ni swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote, nalijibu kwa ufupi. Bundi aliyelia usiku kucha juu ya bati la jirani yangu alifuata panya wa gunia la mahindi lililokuwa darini. Hakumtangulia mgeni wala msiba. Waliompiga mawe asubuhi wakamuua walibaki na panya, na gunia likaisha kabla ya mwezi.

ANDIKA. Nunua daftari la mistari. Tarehe, saa, mtaa, upepo wa kusi au kaskazi, ndege alikuwa wapi, akifanya nini, muda gani. Usiandike "kipanga mkubwa." Andika ulichokiona: mkia umegawanyika au haukugawanyika, sharubu zipo au hazipo. Kama hukuona, acha wazi. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na Atlasi ya Ndege wa Tanzania imekuwa ikipokea kumbukumbu za watu wa kawaida tangu miaka ya 1980. Wenye simu janja wana programu ya eBird. Msasani na Oysterbay zina watazamaji wengi. Chamazi, Toangoma na Bunju wapo wachache mno, na ndege wa huko hawahesabiwi kwa sababu tu hakuna aliyeinua shingo.

Darubini si lazima iwe mpya. Tafuta iliyoandikwa 8x42, ijaribu kabla ya kulipa: ukitazama nguzo ukaona nguzo mbili, mrudishie mwenyewe. Na usiielekeze kwenye jua hata kwa utani. Jicho halina spea.

UKIMKUTA AMEUMIA, usimpeleke kwa mganga, usimnyweshe maziwa, usimrushe hewani "ajaribu." Mfunike kwa taulo, umshike ukichunga miguu maana kucha ndizo silaha, mdomo ni kisu cha mezani tu. Mweke kwenye boksi lenye matundu, sehemu ya giza na kimya, kisha mpigie afisa wanyamapori wa manispaa yako au ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Watoto wasikusanyike kuchungulia. Lakini kinda aliyekaa chini ya mti akiwa na manyoya kamili, macho makali, hana jeraha, huyo hajaumia. Anajifunza. Mwondolee paka, ondoka nawe.

Jumapili hii nitakuwa Mtoni, upande wa mikoko, kuanzia saa kumi na moja jioni, wakati mwewe wanaporudi kulala kwa makundi. Njooni. Msivae nyeupe, simu ziwe kimya, na atakayechelewa asitusalimie. Akae chini alipofika, atazame juu. Salamu tutapeana giza likiingia.